Jiwe Lililoanikwa na Maharage

Mvua ilinyesha siku kumi na tisa mfululizo, na jua lilipotoka, huku kwetu Rungwe hakuna aliyebaki ndani. Magodoro yalitoka, mablanketi yalitoka, hata vitabu vya kwaya vilivyoota ukungu viliwekwa juu ya bati. Siku ya pili ya jua nilikuwa napita uani na beseni la nguo nikasimama mbele ya uteo wa maharage. Katikati ya maharage kulikuwa na jiwe la kifuani la bibi yangu, limelala chali linaota jua.

Nilicheka kwanza. Nakiri hilo kwa sababu ndicho kitu cha mwisho nilichocheka siku ile.

Jiwe lenyewe ni dogo, kama kiberiti, la kijivu, na ukiliminya linabonyea kidogo kama sabuni iliyolowa. Waliolitengeneza waliliita seli hai. Sisi tuliliita jiwe, kwa kuwa wazee wetu waliita betri za redio mawe, na jina hilo ndilo lililotuponza. Kila mzee mwenye moyo uliochoka anayo mawili. Moja linakaa katika kifuko kilichoshonewa chini ya mtulinga, linausukuma moyo usiku na mchana. La akiba linakaa kwenye chaja ukutani. Asubuhi unabadilisha, na lililochoka linalala kwenye chaja kwa muda wa saa sita. Ni kazi nyepesi kuliko kuchemsha chai.

"Bibi," nikaita, "nani kaanika jiwe?"

"Mimi." Bibi Tusekile alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, miguu imenyooshwa juani. "Limeisha nguvu. Linaota jua kidogo, litashika."

"Na chaja?"

"Chaja inakoroma usiku kucha kama babu yako. Sisi mawe ya redio tulikuwa tunayaanika, jioni unasikiliza mpira mpaka filimbi ya mwisho. Yakigoma, unayang'ata kidogo. Nyie wa siku hizi mnajua kuchomeka tu."

Nikaweka beseni chini. "Bibi, hili ndilo la kwanza kulianika?"

"La jana nililitoa kwenye chaja kabla halijashiba, nikalimalizia hapo hapo kwenye maharage. Ndilo hili nililovaa leo. Mbona limekubali? Tazama."

Alinyoosha mkono. Bangili yake ya kusomea nguvu za jiwe na mapigo ya moyo ilionyesha asilimia mia moja na kumi na tisa.

Hakuna jiwe linalofika mia na kumi na tisa. Joto hulidanganya jiwe, nalo huidanganya bangili, na huku ndani linaumuka kama andazi. Niliushika mtulinga wake. Ngozi ilikuwa ya moto, na kifuniko cha kifuko, ambacho kila siku hukaa bapa, kilikuwa kimeinuka upande mmoja.

"Linachoma kidogo," Bibi akasema. "Nilidhani ni jua."

Jiwe lililovimba likizidi kidogo tu halitoki tena, na likipasuka linapasukia ndani ya mtu. Nikilitoa, kifuko kina akiba ya kuusukuma moyo kwa dakika kumi na moja, basi. Lile la kwenye maharage lilikuwa na asilimia tatu, tena la moto, na chaja haipokei jiwe la moto mpaka lipoe.

"Lala chini, Bibi."

"Kuna nini?"

"Lala tu."

Nilikisukuma kifuniko kwa kidole gumba. Kiligoma. Nikakisukuma kwa mpini wa kijiko, kikatoa mlio, jiwe likachomoka kwa shida, tumbo limetuna na kung'aa. Bangili ikaanza kulia na kuhesabu kurudi nyuma. Nililifunga jiwe kwenye kanga yenye maji, nikampachika Bibi mto chini ya kichwa, nikaanza kukimbia. Kwenye shimo la taka lililo mpakani kati ya migomba yetu na ya jirani nililitupa bila kusimama. Lingepasuka sasa au baada ya saa nzima, hakuna ajuaye.

Jirani huyo ni Bibi Bupe.

*

Sasa inabidi niseme habari ya kwaya. Bibi yangu na Bibi Bupe walikuwa hawajasalimiana kwa miaka sita. Bibi yangu akiimba hukimbia. Bibi Bupe akiimba huburuza. Sikukuu moja, wamesimama mbele ya kanisa zima, bibi yangu alimaliza ubeti huku Bibi Bupe bado anaimba mstari wa pili, na watu wakacheka. Kila mmoja alisema aliyechekwa ni mwenzake. Tangu hapo, mmoja akiwepo mahali, mwingine haji. Hata siku ya semina ya mawe pale ukumbi wa kanisa, Bibi Bupe hakuja kwa sababu alisikia bibi yangu atakuwepo. Bibi yangu alikuwepo, akasinzia. Niliyesikiliza ni mimi.

Na jambo kubwa tuliloambiwa pale ni kwamba jiwe haliazimwi. Jiwe limeshajifunza mwendo wa moyo wa mwenyewe. Likiingia kifua cha mgeni, kwa dakika ishirini litamsukuma kwa mwendo lililotoka nao, huku linamsikiliza. Dakika ya ishirini ikifika linahama. Linaushika mwendo wa mgeni na kuufuta ule wa zamani, na mwenyewe akilirudisha kifuani kwake linamkataa, mpaka zahanati walifute upya kwa mashine yao. Zahanati iko ng'ambo ya mto, na daraja lilikuwa limekwenda na maji. Walikuwa wametangaza kwamba litatengenezwa baada ya siku nne.

Nilijua yote hayo nikiwa nakimbia. Sitaki mtu aseme sikujua.

Bibi Bupe alikuwa anakung'uta blanketi kwenye kamba. "Hodi," nikasema, "shikamoo Bibi."

"Marahaba, Lugano. Mbona unahema hivyo?"

Zamani, moto ukizima jikoni, mtoto alitumwa kwa jirani na kigae. Moto haunyimwi, na anayeuomba haulizwi anakwenda kupika nini. Siku hizi hakuna mwenye mafiga, lakini neno limebaki, watu hulitumia wanapotaka kitu wasichoweza kukitaja.

"Nimekuja kuomba moto," nikasema.

Macho yake yalikwenda ndani, kwenye chaja ukutani, ambako jiwe lake la akiba lilikuwa limewasha taa ya kijani. "Wa yule?"

"Ndiyo."

"Amekutuma?"

"Hawezi kutuma mtu, Bibi."

Aliingia ndani taratibu, kwa mwendo wake ule ule, nami nilihesabu kila hatua. Akalichomoa jiwe, akalipangusa kwa upindo wa kitenge. "Hili la kifuani bado sijalibadilisha, lina asilimia thelathini na nane. Linanifikisha jioni. Nitarudishiwa lini?"

Hapo ndipo ningesema. Ilikuwa sentensi moja.

"Jioni," nikasema.

"Haya. Moto haunyimwi." Aliniwekea jiwe kiganjani. "Ila mwambie sijamsamehe."

*

Nilimkuta Bibi midomo imekuwa ya majivu na bangili imebakiwa na dakika mbili na sekunde chache. Nililipachika jiwe, nikakibana kifuniko, nikakaa chini kwenye tope. Baada ya muda alivuta pumzi ndefu, rangi ikaanza kurudi. Bangili iliacha kulia, ikaanza kuhesabu kwenda mbele. Moja. Mbili. Ilikuwa inaitafuta ishirini.

Ningemkumbatia. Badala yake niliikodolea macho ile bangili na kujisemea, ipite tu. Ishirini ikipita itakuwa imekwisha, hakutakuwa na la kuamua.

Dakika ya nne Bibi akafumbua macho. "Mbona unaburuza?"

"Nini, Bibi?"

"Huu mwendo. Hapa ndani." Akajigusa kifua. "Unaburuza miguu kama mtu aliyekosa viatu. Huu si wangu." Alisikiliza tena, kama anavyosikiliza kinanda kabla ya kuanza. Uso ukabadilika. "Lugano. Umeniwekea jiwe la Bupe."

Nikaitazama bangili. Tano.

"Lile neno la semina, la kuhama. Sikusinzia semina nzima." Alijaribu kukaa. "Alijua?"

"Hakuwepo kwenye semina."

"Sijakuuliza alikuwa wapi. Alijua?"

"Hapana."

Mkono wake ulikwenda kwenye kifuniko, nami nikaudaka. Sikuwahi kumshika bibi yangu kwa nguvu maisha yangu yote. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Nikilitoa?" akauliza.

"Kifuko kimebaki na dakika mbili. Unakufa hapa hapa."

"Na nikiliacha?"

"Linakuwa lako. Yeye anabaki na lile moja alilovaa, na haliwezi kuchajiwa likiwa kifuani. Jioni linaisha."

Bangili ilisema saba.

"Kwa hiyo umeniulia jirani."

"Nilikuchagua wewe, Bibi!" Nilikuwa nalia sasa, makamasi na machozi. "Ulitaka nifanye nini? Nilikuchagua wewe!"

"Nani aliyekupa kuchagua?" Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Nibebe. Nikamwambie mwenyewe, na yeye ndiye atakayesema nilitoe au niliache. Jiwe ni lake."

"Akisema ulitoe?"

"Nitalitoa. Nibebe, mtoto, muda unakwenda."

Nililichukua lile jiwe la asilimia tatu nikalitia mfukoni. Nilimbeba Bibi mgongoni kwa kanga, kama yeye alivyonibeba mimi. Njia nzima nilisikia jiwe likigonga nyuma ya bega langu, polepole, kwa mwendo wa Bibi Bupe, na juu yake moyo wa bibi yangu ukitaka kukimbia na kuzuiwa. Tulipolipita shimo la taka nilisikia jiwe linachemka ndani ya ile kanga niliyoitupa humo. Nikaongeza hatua.

*

Bibi Bupe alituona toka mbali. Kabla hajasema neno, bangili yake ililia mlio mfupi: jiwe la akiba liko karibu. Akaitazama, akamtazama bibi yangu ninayemshusha kwenye benchi la barazani.

"Bupe," bibi yangu akasema. Lilikuwa neno la kwanza baada ya miaka sita. "Mjukuu wangu amekudanganya. Jiwe halitarudi jioni. Likifika dakika ishirini linakuwa langu, nawe unabaki na hilo moja. Nimekuja uniambie nifanye nini."

Bibi Bupe alikaa chini kwenye ngazi. Alikiangalia kiganja chake, kile alichonipa nacho jiwe.

"Ni kweli, Lugano?"

"Ni kweli, Bibi."

"Nilikuuliza lini, ukasema jioni."

"Ndiyo."

"Mimi nilikulea miezi miwili mama yako alipokuwa hospitali." Akakikunja kile kiganja. "Ningeogopa nini mimi, hata nikuulize mara mbili?" Akainua uso. "Zimebaki dakika ngapi?"

"Sita."

Bibi yangu alikuwa ameshaweka kidole kwenye kifuniko. Hakuwa anatishia. Alikuwa anasubiri tu kuambiwa, macho yamefumbwa, na midomo inatembea katika sala.

Bangili ya Bibi Bupe ikalia tena ule mlio mfupi, na ndipo nilipokumbuka. Mawe mawili ya mtu mmoja huulizana. Yakiwa ndani ya hatua kumi, la akiba humuuliza mwenzake aliye kifuani: tunakwendaje? Na jiwe halihami ovyo tu. Huhama likigundua kwamba kifua kilicholibeba kinakwenda tofauti na jibu la mwenzake. Mwalimu wa semina alilisema hilo mara moja, mwishoni, watu wakiwa wameshaanza kutafuta viatu.

"Mkienda sawa!" nikasema kwa kelele. "Bibi, usiguse! Likikuta mioyo yenu inakwenda sawa, halina sababu ya kuhama. Likiulizana na mwenzake likaona hakuna tofauti, litaanza kuhesabu upya."

"Sawa kiasi gani?" Bibi Bupe aliuliza.

"Mapigo matano. Yasizidi."

Nikasoma bangili zote mbili. Ya Bibi Bupe, sabini na mbili. Ya bibi yangu, tisini na moja, na inapanda.

"Kwa hiyo," Bibi Bupe akasema taratibu, "inabidi aende kwa mwendo wangu."

"Ndiyo."

"Miaka sita namwambia hivyo."

Bibi yangu alifumbua jicho moja. "Au wewe uharakishe."

"Dakika nne!" nikapiga kelele.

Bibi Bupe alinyanyuka, akaja kukaa kwenye benchi, bega kwa bega na bibi yangu. Akaushika mkono wake, akauweka gotini, akaanza kuupiga kwa kidole. Kisha akaanzisha wimbo. Ulikuwa ule ule uliowagombanisha. Bibi yangu alitikisa kichwa, akaingia nao, na neno la tatu tu alishakuwa mbele.

"Pumua pale ninapopumua," Bibi Bupe akamwambia katikati ya mstari. "Usinikimbie, Tusekile. Utaniua."

Wakaanza tena. Mimi nilipiga magoti mbele yao kama mtu anayewaungamia, mkono huu nimeshika bangili ya mmoja, mkono huu ya mwingine. Themanini na nane, sabini na nne. Themanini na tatu, sabini na tano. Bibi yangu alikuwa anatoka jasho kwa kwenda polepole. Nadhani hakuwahi kufanya kazi ngumu kama ile. Themanini na moja. Dakika ya kumi na tisa walikuwa mwisho wa ubeti wa pili, pale penye ile noti ndefu, pale pale alipomwacha mwenzake siku ya sikukuu. Nilimwona anavuta pumzi ya kukatisha. Akaizuia. Akaisubiri noti mpaka Bibi Bupe alipoishusha, nao wakaishusha pamoja.

Sabini na tisa. Sabini na sita.

Bangili ya bibi yangu ikawaka kijani, ikarudi kwenye sifuri, ikaanza tena. Moja.

Hakuna aliyeshangilia. Bibi Bupe alijipangusa uso kwa kitenge. "Mpaka lini?"

Nililitoa lile jiwe la asilimia tatu mfukoni. Lilikuwa limeanza kupoa, wala halikuwa limevimba. "Hili likipoa kabisa litakaa kwenye chaja yako saa sita. Likishiba Bibi atalivaa, nawe utapata lako kabla hilo la kifuani halijaisha. Ila na yeye amebaki na jiwe moja. Kila litakapokuwa kwenye chaja itabidi avae lako, mkae hivi, ndani ya hatua kumi, mpaka daraja litengenezwe."

"Siku nne," bibi yangu akasema.

"Siku nne."

Walikaa mikono bado imeshikana, maana hakuna aliyethubutu kuuachia. Sabini na nne, sabini na tatu. Jua lilikuwa kali. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nilisikia kuku na maji ya mfereji.

Halafu nikakumbuka shimo la taka.

Lile jiwe lililovimba halikuwa limepasuka. Lilikuwa hatua mia moja kutoka pale, linachemka ndani ya kanga, na mlipuko wa jiwe unasikika mpaka kanisani. Bibi yangu hushtuka hata sufuria ikianguka. Nilipotazama bangili, ilikuwa dakika ya kumi na mbili. Jiwe likilia kama bunduki kwenye dakika ya kumi na tisa, moyo wa mmoja ukaruka na wa mwingine ukabaki, yote tuliyofanya yangekuwa bure. Na nikisema, nitawatia hofu mimi mwenyewe. Kunyamaza kulikuwa rahisi, na siku ile nilikuwa nimeshaonja utamu wa kunyamaza.

"Kuna jambo jingine," nikasema.

Nikawaambia lote, lilipo, na kwamba linaweza kulia wakati wowote. Niliona tarakimu zikianza kupanda, nikatamani kuyarudisha maneno mdomoni. Themanini, themanini na moja. Themanini na sita, themanini na sita. Tisini.

"Naogopa," bibi yangu akasema. Sijapata kumsikia akilisema neno hilo.

"Na mimi," Bibi Bupe akasema, akausogeza mkono wa mwenzake karibu na tumbo lake. "Tuogope basi. Usitangulie."

Kumi na tano. Kumi na saba. Walikuwa wametazama migomba, wote wawili, vinywa wazi kama watoto. Kumi na tisa.

Likalia. Bati lilitetemeka, ndege wakaruka wote kwa pamoja, na majani ya migomba yakaanza kudondoka vipande vipande yakifuka moshi. Nilijikuta nimelala kifudifudi juu ya miguu yao. Niliogopa kuinua kichwa. Nilipoinua, nilisoma bangili moja kisha nyingine, kisha nikazirudia, kwa kuwa machozi yalikuwa yananichanganya.

Mia na nane. Mia na saba.

Ile ya bibi yangu ikawaka kijani, ikarudi sifuri.

Moshi ulikuwa unapita juu ya paa. Bibi Bupe ndiye aliyepata sauti kwanza, ingawa pumzi ilikuwa bado juu juu.

"Umekwenda mbio," akasema.

"Ndiyo," bibi yangu akajibu, bila kuuachia mkono. "Na wewe hukuchelewa."